Pumzi ya Kisima

Mtu mmoja alikuwa na chuo cha wachimba visima katika nchi kavu. Jina lake Mghenyi. Miaka kumi na sita alifundisha kwa chaki na ubao: aina za udongo, kina cha maji, na hewa mbaya inayokaa chini, isiyo na rangi wala harufu. Aliwaandikia wanafunzi wateremshe kibatari kwanza, kikizimika, wasishuke. Wakanakili, wakajibu mtihani, wakapewa vyeti. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia kisimani.

Siku moja akaitwa kijiji cha mbali. Vijana wawili wa chuo chake, waliofaulu kuliko wenzao wote, walikuwa wamefia ndani ya kisima kimoja. Wa kwanza alishuka akalegea. Wa pili akamfuata kumwokoa. Hawakuwa na jeraha hata moja. Kibatari chao kilikutwa juu, kimejaa mafuta, utambi mpya haujaonja moto.

Mghenyi alifika adhuhuri. Pale kisimani hapakulia ndege, na mbuzi walipita kwa mbali. Mama wa kijana mmoja, Nyamwelu, alikuwa ameketi juu ya kifusi. Akampa kibatari kile. Mghenyi akakiwasha, akakiteremsha kwa kamba. Kilipofika kina cha watu wawili, mwali ukafa. Haukuyumba, ulikatika tu, kana kwamba umebanwa kwa vidole. Akakivuta, akawasha tena. Ukafa palepale. Mara ya tatu alihisi huko chini kuna kitu kinachongoja, nacho hakina haraka.

"Mwalimu," yule mama akamwuliza, "kabla ya leo, uliwahi kuuona ukizimika?"

Mghenyi akatikisa kichwa, akaikunja kamba.

Akarudi chuoni, akalifuta somo lake lote na kulipanga upya. Sasa lilianzia kwenye kisima kilekile. Kila mwanafunzi alishika kamba mwenyewe, akaona mwali ukifa, akakaa na ukimya ule mpaka ukamwingia mwilini, kisha akaeleza kwa maneno yake alichokiona. Daftari lilifunguliwa baadaye. Mtihani wa mwisho ulikuwa kusimama mbele ya kisima asichokijua, na kuamua. Wapo waliopata alama za juu kwa kukataa kushuka. Wengine walinung'unika, wakahamia vyuo vyenye madawati mazuri. Mghenyi aliwatazama wakienda, na moyo wake ukaogopa kwa ajili yao.

Enyi mnaowaonyesha wengine njia, ninyi mliipita lini?