Ami wa Maskati na Kiarabu cha Yumna

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa na hauna wa kuusifu, lakini ndio ulio wako. Msala upitao unapendeza macho, ila una mwenyewe na una safari zake. Sisi Wapemba methali hii tunaijua tangu utotoni, na bado akitua mgeni kutoka Arabuni, huisahau hata wazee wa msikitini.

Haidar, mkulima wa muhogo wa Vitongoji, alijaaliwa binti mmoja, Yumna, aliyekuwa akimaliza kidato cha pili. Yumna alikipenda Kiarabu kama watoto wapendavyo halua. Alikianza chuoni, yaani madrasani, kwa Ustadh Ngwali, na alipoingia sekondari mwalimu wake wa Kiarabu akawa Ustadh Ngwali yule yule. Akiambiwa atunge sentensi moja, yeye hujaza ukurasa. Ustadh alikuwa akimtania kuwa asitamani chaki yake kabla hajastaafu.

Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu, mwalimu mkuu, Bi Mwanawema, aliwaita wazazi. Aliwaeleza kuwa lengo la mtaala ni kumkuza mtoto kwa kile alichojaaliwa, si kumshindanisha na mtoto wa jirani. Haidar alipiga makofi kuwashinda wote, akatangaza mbele ya kadamnasi kuwa Yumna wake ni wa Kiarabu.

Haukupita muda, ikaingia Idi, na Ridha, mdogo wake Haidar, akaja kutoka Maskati. Alikuwa mtu wa bashasha, mkarimu, ananukia udi tangu njiani, na hakuna aliyeweza kumchukia. Barazani kwa Haidar pakajaa watu. Na desturi yetu ni hiyo: mgeni wa Maskati akizungumza, wenyeji huitikia tu. Ridha aliposikia habari za Kiarabu cha Yumna, alicheka mpaka kofia ikamkaa upande.

"Kaka, Kiarabu huko kwetu hata mbuzi wanakisikia," alisema. "Mtie sayansi. Akimaliza, mie mwenyewe n'takuja kumchukua akasomee ufamasia."

Baraza zima likaitikia inshaallah. Yumna alimwambia baba yake kwa adabu kuwa moyo wake uko kwenye Kiarabu, lakini Haidar akamjibu kuwa ami yake ameona dunia. Skuli zilipofunguliwa akaenda mwenyewe kumbadilishia. Bi Mwanawema alimtahadharisha kuwa Fizikia na Kiarabu husomeshwa wakati mmoja, kwa hiyo akishika moja ameacha jingine. Haidar akashikilia sayansi. Ustadh Ngwali, aliyesali naye bega kwa bega miaka nenda miaka rudi, alisema tu kuwa Mungu amfungulie mtoto.

Ridha akarudi Maskati, na simu zake zikaadimika. Yumna hakuwa mvivu, lakini Fizikia ilimtoa jasho na kumrudishia alama za kusikitisha. Kila kipindi chake, sauti za wenzake wakisoma Kiarabu zilimfikia kutoka darasa la jirani, naye akainamisha kichwa. Nyumbani aliacha kabisa kusoma kwa sauti huku akipika, jambo ambalo Haidar alikuwa akilipenda kuliko chakula chenyewe. Baba aliliona hilo, likamuuma, ila akajiliwaza kwa ile ahadi.

Yumna alikuwa kidato cha nne, na usajili wa mtihani wa taifa umeshafungwa, Ridha alipopiga simu kwa furaha. Alisema kuna chuo huko Maskati kinachukua vijana wa kutoka Afrika wakasome bure, na sharti lao kubwa ni kufaulu Kiarabu kwenye mtihani huo.

"Nimewaambia mwana wa kaka yangu hapo ndipo penye bahari yake," alisema Ridha.

Haidar alikaa kitako. "Ridha, si wewe uliyesema tumtoe kwenye Kiarabu?"

Ridha akacheka. "Mie? Lo, kaka. Yale si yalikuwa mazungumzo ya baraza tu."

Haidar alikimbilia skuli, lakini Bi Mwanawema hakuwa na la kumsaidia, usajili ukishafungwa umefungwa. Akaenda kwa Ustadh Ngwali kuomba radhi. Ustadh alimkaribisha kahawa, akamwambia kuwa mlango wake uko wazi, na Yumna aje asome kila siku baada ya alasiri, ingawa cheti cha mwaka ule kimeshampita.

"Lakini radhi usiniombe mie, Haidar," alisema. "Kamwombe mtoto."

Kwetu baba kumwomba radhi mwanawe ni jambo zito. Haidar alimkuta Yumna jikoni akikuna nazi, akachutama mbele yake, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikuwa nacho cha kwako mkononi, nikakitupa kwa maneno ya mpita njia."

Yumna naye akalia, kwani chuo kile alikitamani kweli. Kisha akamfuta baba yake machozi kwa ncha ya kanga, akamwambia kuwa amemsamehe, ila siku nyengine amsikilize na yeye. Haidar akaahidi, na akaijua kwa uchungu maana ya ile kauli aliyoikariri tangu utotoni: usiache mbachao kwa msala upitao.