Mfuaji wa Mashuka ya Wagonjwa

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani kwamba katika nchi ya Wanubi, enzi za wafalme Wakristo, palikuwa na mtawa aitwaye Mama Tekla, msimamizi wa nyumba ya wagonjwa. Mwaka mmoja tauni iliupiga mji, na nyumba ile ikajaa hadi barazani. Mama Tekla aliwauguza watu kwa mikono yake, wala hakukimbia kama walivyokimbia wakubwa wengi.

Mwenyezi Mungu alipoiondoa tauni, askofu aliitisha ibada ya shukrani. Alimsifu liwali, akawasifu matajiri waliotoa nafaka, kisha akamwita Mama Tekla abarikiwe mbele ya wote.

Alipokuwa akiinuka, zogo likasikika mlangoni. Bawabu alikuwa akimsukuma mwanamke mmoja ambaye mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwa magadi ya kufulia.

"Rudi nje! Unanuka maiti!"

Mwanamke huyo alikuwa mfuaji wa nyumba ya wagonjwa. Kwa miezi saba mashuka yote yenye damu na usaha yalipita mikononi mwake.

Mama Tekla akapandwa na ghadhabu. Akamwendea bawabu, akamshika mkono.

"Mwache! Nawe uliugua ukapona. Shuka ulilolalia, nani alilifua?"

Bawabu akampisha. Mama Tekla akamgeukia mwanamke.

"Ingia, dada, ukae nami. Jina lako nani?"

Yule akamtazama kwa macho makavu. "Miezi saba, Mama, nimekuletea mashuka kila asubuhi. Leo ndiyo unauliza? Naitwa Anoba. Wala sikuja kusifiwa. Nimekuja kumwombea binti yangu. Alikufa nyumbani peke yake, mimi niko mtoni nafua mashuka ya watoto wenu."

Ghadhabu ya Mama Tekla haikuzimika, ila sasa ilimgeukia mwenyewe. Angeweza kupokea baraka zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikwenda mbele, akasema:

"Baba Askofu, usinibariki. Nilimhudumia Kristo kitandani, nikampita kila asubuhi mlangoni amebeba mashuka. Sikumuuliza jina. Sikujua kama ana mtoto. Nawe, Baba, umewataja waliotoa nafaka. Walioitwanga je? Waliochimba makaburi je? Umemtaja yupi?"

Askofu akaona haya. Akashuka hadi aliposimama Anoba, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Binti yako aliitwa nani?"

"Zenaida."

Ibada ya shukrani ikageuzwa kuwa maombi ya marehemu, na jina la Zenaida likatajwa kabla ya majina ya wakubwa. Anoba akalia. Wala hatukusimuliwa kwamba siku ile aliwasamehe.

Kesho yake Mama Tekla alijitwika mzigo wa mashuka akaenda mtoni, akafua kando ya Anoba hadi mikono yake nayo ikapasuka. Hakuiacha kazi hiyo mpaka alipofariki.

Nasi, wapendwa, tunaingia kanisani tukakuta sakafu imefagiwa na maji yamejazwa, tukaketi kumsifu Mungu kwa sauti kubwa. Aliyefagia yuko wapi? Bwana wetu alijifunga kitambaa kiunoni akaosha miguu ya wanafunzi wake, nasi tunamwonea kinyaa anayetuoshea uchafu wetu. Kama jambo hilo halitukasirishi, tusijidanganye kwamba tunamjua Kristo.