Matawi ya Lukelo

Mtu mmoja alikuwa na gari la kuvuta magari mabovu, na mbele ya nyumba yake palikuwa na mlima. Mtu huyo jina lake Lukelo. Mlima ule una kona kumi na nne, na haipiti wiki bila gari kushindwa njiani. Likishindwa, dereva anafanya kama tunavyofanya sote: anashuka, anaweka mawe nyuma ya magurudumu, anakata matawi mabichi na kuyapanga barabarani, ili anayekuja ajue kwamba mbele kuna mtu amekwama. Kisha anampigia simu Lukelo. Lukelo anakuja, anafunga mnyororo, anavuta. Na kabla ya kuondoka anayaokota yale matawi na kuyatupa korongoni.

Miaka tisa alitupa matawi ya watu. Kwa ajili yake halikuwahi kukatwa hata moja. Na alilijua hilo, ndugu zangu. Alilijua vizuri mno. Akisifiwa alikuwa anatazama chini kama hasikii, kumbe masikio yote yako pale.

Gari lake lilikuwa la giaboksi otomatiki. Mimi si fundi, msije mkaniletea magari yenu tukitoka hapa. Ila nilielezwa hivi: nguvu ya injini haifiki kwenye magurudumu bila oili iliyomo ndani ya giaboksi ile. Ni oili nyekundu, nyepesi, na aliyeketi garini haioni kamwe. Ikiwemo, gari linapanda na mzigo wa mwenzake. Ikiisha ghafla, injini inalia na gari haliendi, na ukilazimisha, vilivyomo ndani vinaungua. Vikiungua, basi tena. Gari linabaki uani, kuku wanatagia humo.

Sasa, wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisema, Lukelo aliona tone jekundu chini ya gari lake asubuhi. Tone moja. Baada ya siku chache yakawa mawili. Unadhani alimwita fundi? Thubutu! Alisogeza mchanga kwa kisigino akalifunika. Mkewe asilione, jirani asilione. Wasije wakasema gari la Lukelo nalo linavuja. Wiki tatu nzima mtu mzima, baba wa watoto wanne, kila asubuhi anafukia matone uani.

Ikafika siku moja ya Novemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshapiga, mashamba ya kule juu yamelimwa, yanangoja. Kikundi cha akina mama wa kijiji cha juu kilikuwa kimeagiza mbegu za viazi za msimu mzima, magunia arobaini, na lori lao likafa injini chini kabisa ya mlima. Mwenyekiti wao, Mama Tulizo, akampigia Lukelo. Mbegu zilikuwa zimeanza kuchipua. Zikilowa ndani ya magunia zinaoza, na mwaka ule hakukuwa na nyingine. Na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mlima.

Lukelo akaja, akafunga mnyororo. Mama Tulizo akaketi naye mbele, wenzake sita wakapanda lorini juu ya magunia. Wakaanza kupanda. Kona ya kwanza, ya tano, ya kumi. Akina mama wakaanza kuimba, kwa kuwa paa za kwao zilikuwa zinaonekana.

Kwenye kona ya kumi na mbili, mpira unaopeleka oili ya giaboksi kwenda kupozwa ukapasuka.

Wa kwanza kuona ni wale wa nyuma. Lami ilikuwa nyekundu. "Damu!" mmoja akapiga kelele. "Jamani, gari linatoka damu!" Mbele, taa ikawaka. Lukelo akaiona. Akakanyaga mafuta hivyohivyo. Injini ikapiga ukelele, gari likasogea kama hatua mbili tu, likaleta harufu ya kitu kinachoungua. Akashika breki.

Zimebaki kona mbili. Mtu unaweza kurusha jiwe likafika. Huko nyuma wanaita, "Kanyaga, baba, bado linaenda!" Na kweli lilikuwa linaenda. Hapo ndipo penye ugumu, wapendwa. Kama lingekataa kabisa ingekuwa rahisi. Mguu wa Lukelo ulikuwa umeinuka juu ya mafuta. Akikanyaga, huenda angefika, na jina lake lingebaki safi mpaka jioni. Au angeunguza kila kitu mle ndani, na mlima ule ungebaki bila mtu wa kuvuta. Akisimama, mbegu za kijiji ziko chini ya wingu, na kila anayepita atamwona. Mama Tulizo alilitazama wingu, akamtazama yeye.

Lukelo akashusha mguu pembeni. Akasema:

"Mama, nimeishiwa. Nikatieni matawi."

Maneno manne. Yalimkaa kooni miaka tisa.

Mama Tulizo alishuka hapohapo. Wenzake wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, yeye akachukua panga akakata matawi, akayapanga barabarani mstari mrefu, na Lukelo akasimama kando ya njia mikono imemlegea. Gari la kwanza likatokea. Dereva akayaona matawi, akapunguza mwendo, akaliona gari ni la nani, akacheka mpaka akapiga honi. "Makubwa haya! Leo daktari kalazwa!" Acheni acheke. Hata mimi ningecheka.

Akasimama lakini. Tena akashuka na galoni la oili ya injini. "Oili ni oili, kaka. Mwaga humo, usogee." Mwanamke mwingine aliyekuwa anapita kwa miguu akatoa chupa ya mafuta ya alizeti, ya kupikia, kwa moyo mweupe kabisa. Lukelo akawashukuru wote wawili, akakataa. Mjihadhari na wema wa namna hii, ndugu zangu. Wapo watu wanaokupenda kweli ambao watakujaza chochote ili tu wasikuone umesimama. Lukelo alitaka oili ya aina ileile iliyomwagika, na hiyo ilikuwa mjini. Akampigia Fundi Mbwilo. Fundi akamuuliza gari liko wapi. Akamtajia kona. Fundi akasema anakuja.

Na mbegu je? Mama Tulizo alikuwa ameshatuma mtu juu. Kabla jua halijafika utosini, barabara ikajaa watu wanaoshuka. Walikuja na ndoo, na kanga za kubebea, na mikokoteni miwili. Lukelo aliwatambua mmoja mmoja, akisema moyoni: Huyu nilimvuta mwaka wa mafuriko. Huyu nilimtoa mtaroni siku ya arusi ya binti yake. Yule mzee nilimvuta mara nne, na mara zote nne aliniahidi kuuza lile gari. Yule dereva aliyecheka naye akaegesha gari lake, akavua shati, akajitwika gunia begani. Wakati Lukelo naye alipoinama kuchukua gunia, Mama Tulizo akamzuia. "Keti, baba. Umetubeba mno." Akaketi juu ya jiwe. Akalia, na hakujificha.

Fundi Mbwilo alifika saa saba kwa pikipiki, na mpira mpya, na oili nyekundu, na kitambaa cheupe. Akalala chini ya gari, tukaona miguu yake tu. Nasema tukaona kwa sababu nilikuwepo. Gunia langu nilikuwa nimeshalifikisha. Akauliza kutoka kulekule chini, "Taa ilipowaka, ulikanyaga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na huku kuvuja kulianza lini?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Angeweza kusema leo asubuhi, nani angemjua? Lukelo akasema, "Wiki tatu. Nilikuwa nafukia kwa mchanga." Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama visigino vyao wenyewe, na mimi nikiwa mmojawapo.

Fundi akafungua sahani ya chini ya giaboksi, akachovya kitambaa kwenye oili iliyobaki. Akanusa. Akakisugua kati ya vidole, akitafuta chembe za chuma. Akakitoa juani, na sote tukasogea kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kitambaa kilikuwa chekundu. Pembeni kulikuwa na weusi kidogo. Chembe za chuma hazikuwepo.

"Imeonja moto," Fundi akasema. "Haijafa. Ungekanyaga tena, mimi ningekuja kuzika."

Akafunga mpira mpya, akasafisha, akajaza oili polepole, akapima, akaongeza, akapima tena. Kisha akaamuru injini iwashwe iachwe ingurume tu. Tukangoja. Lukelo akaingiza gia. Gari likatikisika kidogo, likashika. Akaachia breki, watu wakaondoa mawe. Mbele kona mbili, nyuma lori likiwa tupu, maana mzigo wote ulikuwa umepanda vichwani na mabegani mwa watu. Likasogea. Likaendelea kusogea! Injini haikulia, ilinguruma kwa utulivu wake wa siku zote, na magurudumu yakaitika.

Mlima mzima ulipasuka kwa vigelegele.

Mama Tulizo alikuwa ameanza kuyaokota matawi ayatupe korongoni, kama desturi ilivyo. Lukelo akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani. "Usitupe hayo. Yalete." Akashuka, akayafunga kwenye bampa, kwenye vioo, juu ya kibanda cha gari, mpaka gari likaonekana limeandaliwa kwa arusi. Hivyo ndivyo alivyoingia kijijini, na matawi yake yakipepea, watu wakipiga ndoo mbele yake na nyuma yake. Gunia la mwisho lilikuwa limeshaingia chini ya paa. Ndipo mvua ikanyesha, na wallahi hakuna aliyekimbia.

Viazi vilichimbwa Machi, na ndoo ya kwanza ilipelekwa kwa Lukelo. Bado anavuta magari mpaka leo, na giaboksi ni ileile. Uani kwake pamefagiwa. Tone likidondoka, anamwita mkewe aje alione, na fundi anapigiwa simu kabla ya chai.

Nimewaambia haya ninyi kwa sababu nawajua. Ninyi ndio mnaoitwa nyumba ikiwa na msiba, mgonjwa akizidiwa, ndugu wakigombana. Mnafunga mnyororo, mnavuta, mnayatupa matawi ya wenzenu korongoni, mnarudi kwenu. Sitawaeleza oili ni nini. Ila wewe uliyeketi hapo kimya, mchanga ukiwa bado kwenye kisigino chako: unangoja kona ya ngapi ndipo useme umeishiwa?