Paa Tuliloliona Kutoka Mtoni

Mshuka mto huupanda kwanza.

Hayo ndiyo maneno mliyoambiwa asubuhi ofisini, mkatoka mnaangaliana kama watu waliouziwa mbuzi kwenye gunia. Nimewaona. Imelda alificha kicheko ndani ya kofia. Mmepeleka mpango wa safari ya siku nne mlioutengeneza kwenye simu, una rangi na mishale, mkarudishiwa methali. Sasa mmenijia mimi, mzee wa kubandika viraka, mnataka kujua ilitoka wapi. Haya, nipeni hiyo gundi, na Gaudensi ushike boti upande huo lisiteleze. Msiitafute kwa mababu. Ilizaliwa mto huuhuu wa Luvanda, mimi nikiwapo, na nitawaambia mapema kwamba mjinga wa hadithi hii ndiye mimi. Ilianza hivi.

Miaka hiyo kambi yetu ilikuwa na maboti mawili tu ya mpira. Tuliwashusha wageni kwenye maporomoko madogo ya hapa juu, kwa muda wa saa tatu hivi, wakarudi wakala wali na maharage, wakaenda zao. Bwana Ndelwa, mwenye kambi, alitaka makubwa zaidi. Alitaka safari ya siku nne mpaka daraja la chini, wageni wakilala njiani kwenye loji tatu zilizo kando ya mto. Hakuna aliyewahi kuwapitisha wageni huko. Na wageni wa kwanza walikuwa wameshapatikana: walimu wanane waliostaafu mwaka mmoja. Kiongozi wao, Mwalimu Deodata, alikuwa mama mwenye goti bovu na sauti ya paredi, na alisema wazi kwamba anataka kufanya wazimu mmoja kabla hajaanza kulea wajukuu.

Bwana Ndelwa alituita, akasema maneno machache. "Roho nane za watu. Nataka nizirudishe nane."

Mimi nilikuwa nahodha mkuu. Miaka ishirini na saba, kifua kama mlango wa kanisa. Nilitandaza ramani mezani, nikaweka rula, nikaugawa mto mara nne. Loji zote tatu zilichorwa zimegusana na ule mstari wa buluu. Kilomita ishirini na mbili kwa siku, tunalala, tunaamka, tunaendelea. Kazi ya nusu saa. Nikaviringisha ramani nikaagiza chai.

Chai aliileta Skolastika Kikoti, mpishi wetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, asiyejua kuogelea hata kidogo. Aliweka birika chini, akaikunjua ramani bila kuniomba, akaweka kidole kwenye loji ya pili.

"Kaka Lukelo, hapa boti mnaliegesha wapi?"

"Kando ya loji."

"Upande gani?"

"Upande wa maji, dada. Ulitaka tuliegeshe jikoni kwako?"

Wenzangu wakacheka sana, nami nikacheka kuliko wote. Skola hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda kwa Bwana Ndelwa, akaomba ruhusa ya wiki mbili, akapewa. Kesho yake tukamwona ana viatu vya mpira miguuni, mfuko wa unga wa mahindi begani, na daftari la shule. Alikuwa anapanda basi kwenda daraja la chini, ili aufuate mto kwa miguu kutoka huko hadi hapa.

Hapo ndipo nilipomkebehi mbele ya kambi nzima. "Skola!" nikamwita, basi likiwa linaondoka. "Mto unashukwa, haupandwi!"

Lazima niwaeleze jambo moja ili mtuelewe. Sisi wapiga makafi tulikuwa na kiburi chetu: hatutembei. Ukimwona nahodha anafuata ukingo kwa miguu, ujue boti lake limezama. Watoto wangemwimbia. Lakini Skola alitoka kwa watu wengine. Baba yake na babu zake walikuwa wakata mianzi. Mianzi iko juu milimani, wajenzi wako chini bondeni. Kwa hiyo mkata mianzi hupanda kwa miguu na panga lake, hukata, hufunga mianzi ikawa chelezo, kisha hushuka nayo majini. Hawezi kushuka kabla hajapanda, kwa sababu chombo chake kinaota huko juu. Anapopanda ana siku nyingi za kuutazama mto usoni. Wale watu hawakuwa na kofia ngumu wala maboya ya kifuani, na wengi wao walikufa wazee, vitandani. Mimi niliyajua hayo yote. Sikuwahi kuyafikiria.

Alitembea siku tisa. Alirudi amekonda, mguu mmoja umefungwa kitambaa, na daftari limejaa. Na jamani, daftari lile! Tangu siku ile sijaona kazi ya namna hiyo. Alilala kila loji. Alijua kitanda kipi kiko chini ya paa linalovuja, chandarua kipi kina tundu, mlinzi yupi hasikii vizuri na lazima agongewe dirisha. Kwenye loji ya kwanza alihesabu ngazi za kutoka mtoni, kumi na tisa, akaandika pembeni: "Goti la Mwalimu. Kigoda katikati." Kila poromoko alilichora kutoka chini, mawe yote na mahali maji yanapogawanyika. Kwa kuwa alianzia darajani, ukurasa wa kwanza ulikuwa siku ya nne. Aliyetaka kusafiri na daftari lile ilimbidi alisome kutoka nyuma kuja mbele.

"Hata daftari lake limepinda," nikasema.

Bwana Ndelwa alilisoma lote, kurasa zote, amesimama. Kisha akanipa. "Mtakwenda na hili," akasema. "Rula yako iweke."

Nilikwenda nalo, lakini moyo wangu ulikuwa umevimba. Skola na vijana wawili walitangulia kwa gari na chakula, wakitukuta kila jioni.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Kila poromoko lilikuwa palepale alipolichora. Tulipofika loji ya kwanza, chai ilikuwa inachemka, na kwenye ngazi ya kumi palikuwa na kigoda na fimbo. Mwalimu Deodata alisimama akavitazama. "Nani aliyejua habari za goti langu?" akauliza. Nikamwambia ni mpishi. "Huyo si mpishi tu," akasema, akaketi. Nami, badala ya kufurahi, niliona wivu. Nawaambieni ukweli.

Siku ya pili mvua ilinyesha milimani, mto ukajaa. Tulipambana tangu asubuhi. Ilipofika saa tisa mchana mikono ya walimu ilikuwa imekufa ganzi, mmoja alikuwa ametapika, na wote walikuwa wanauliza bado mbali kiasi gani. Tukapinda kona, maji yakatulia, mto ukawa mpana na laini. Na mbele yetu, juu ya miti, tukaliona paa la loji ya pili, jekundu, na moshi wa jikoni ukipanda. Walimu wakapiga vigelegele.

Hapohapo, upande wa kushoto, palikuwa na mkuyu uliofungwa kitambaa chekundu. Daftari lilisema: "Mkuyu. Shukeni hapa, hata kama paa linaonekana. Maboti yabebwe." Chini ya mkuyu alisimama Skola. Nyuma yake kulikuwa na wanaume kumi wa kijiji cha jirani, wamekaa juu ya miti mirefu ya kubebea. Alikuwa ametoka loji na kuja juu kutungoja.

Nilisogeza boti karibu, lakini sikulifunga.

"Skola, watu wamechoka. Paa lile pale. Dakika kumi tumefika."

"Paa naliona, kaka. Nimelala chini yake. Shukeni."

"Maji yametulia. Huoni?"

"Ukiwa juu yake yametulia. Mimi nimeyaona kutoka chini."

"Nahodha hapa ni nani?"

Wanaume wa kijiji waligeuza nyuso kando, kama watu wanavyofanya mke na mume wakigombana sokoni.

"Ndani ya boti nahodha ni wewe," Skola akasema, bila kupandisha sauti. "Sitakunyang'anya kafi. Nakuomba kitu kimoja tu. Njoo na mimi kwa miguu mpaka pale chini, robo saa. Ukishaona, ukisema tupite, tutapita. Na mimi nitapanda boti, nikae mbele kabisa."

"Hujui kuogelea wewe."

"Ndiyo maana nitakaa mbele."

Sijui kama mmewahi kutazamwa na mtu asiyejua kuogelea akawaambia hivyo. Nililifunga boti kwenye mzizi wa mkuyu, nikashuka. Tulifuata kijia kinachopanda mwambani, yeye mbele, mimi nyuma na boya langu kifuani, naona aibu kwa kutembea tu. Kijia kilishuka upande wa pili mpaka kwenye jiwe moja kubwa lililoingia majini. "Geuka," akaniambia.

Nikageuka nikautazama mto kutoka chini.

Ule upana wote tuliouacha juu uliingia kwenye ufa wa mwamba usiozidi milango miwili ya nyumba. Maji yalianguka kimo cha mnazi. Na katikati ya ufa, mvua ya mwaka mwingine ilikuwa imekwamisha gogo zima la mvule, limelala kutoka ukuta hadi ukuta, na maji yote yalipita chini yake. Mtu angeingia pale asingetokea. Juu yetu, mwambani kabisa, ndiyo ilikuwapo loji na paa lake jekundu. Aliyeijenga alitaka wageni wayaone maji, hakutaka wayafikie. Hapakuwa na ngazi wala gati, hapakuwa na hata mahali pa kuweka unyayo. Kutoka juu, nawaapia, hukuona chochote isipokuwa maji yaliyolala kama shuka jipya.

Nikakaa juu ya lile jiwe. Niliwaona walimu wanane mmoja mmoja wakiingia chini ya lile gogo. Niliona na kafi langu likielea peke yake.

Skola hakuniambia "nilikwambia". Angalisema, ningalinyamaza, haki yake. Alingoja nipumue, kisha akauliza, "Kile kijia tulichopita, unaona goti la Mwalimu litakiweza? Au tumbebe?"

Nililia. Ndiyo, Gaudensi, na kifua changu chote kile. Mwanamke yule alikuwa ameutembea mto mzima kwa ajili ya watu asiowajua, nikamcheka, na bado alikuwa anafikiria goti.

Tuliporudi kwenye mkuyu, walimu walikuwa wamenikodolea macho. "Tunapita?" Mwalimu Deodata akauliza.

"Hatupiti, Mwalimu. Tunashuka hapa."

"Kwa nini? Ulisema dakika kumi."

Kilichonijia ni lile neno langu la kebehi, lile nililomtupia Skola basi likiondoka, ila sasa lilikuja limegeuka. Nikamwambia, "Mwalimu, mshuka mto huupanda kwanza. Mimi sikuupanda. Huyu dada ameupanda."

Na walimu mnawajua. Ukiwapa neno lazima walirudie mpaka mtu wa mwisho aelewe. Jioni ile lojini, walipokwisha kusimama kwenye ukingo na kuliona lile gogo kwa macho yao, walilitamka chakulani, wakalitamka kwenye chai ya asubuhi. Wale wanaume kumi walishusha maboti chini ya poromoko kwa ile miti yao, tukaendelea siku mbili zilizobaki, nami nikilisoma daftari kutoka nyuma kwa adabu zote. Darajani walishuka wanane, wote wazima, Mwalimu Deodata akicheza kwa mguu mmoja. Waliondoka na methali yetu wakaipeleka makwao. Baada ya miaka mitatu nilimsikia fundi cherehani mjini akimwambia methali hiyohiyo mwanafunzi wake aliyetaka kukata kitambaa kabla ya kupima. Hakujua ilitoka kwa nani. Nilisimama mlangoni pake nikajisikia vizuri siku nzima.

Skolastika? Yupo. Mnamfahamu. Ni yule bibi wa pale daraja la chini, mwenye kibanda cha supu.

Ndiyo, Imelda, huyohuyo anayewauliza kila mara mmekuja na viatu gani. Mlidhani ni maneno ya uzee. Amefanya makazi mahali mto wetu unapoishia kwa sababu yeye anajua kwamba ndipo unapoanzia. Loji ya tatu imebadilisha mlango wake tangu masika, na lile gogo la mvule limeondoka, limekuja jingine mahali pengine. Mahali gani, simu yenu haijui. Yeye anajua, kwa kuwa mwaka jana alipanda tena, na miaka yake sabini na miwili.

Mpango wenu una rangi nzuri, sitawadanganya. Uchukueni. Basi la kwenda darajani linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mkifika mnywe supu, mumpe shikamoo yangu, ingawa ni mdogo kwangu kwa miaka miwili. Mwambieni Lukelo ndiye aliyesema hivyo, ataelewa. Kisha muulizeni njia ya kuja huku juu. Naona Imelda anazitazama ndala zake. Vizuri. Azima viatu, mwanangu, na daftari usisahau. Mshuka mto huupanda kwanza.