Pimbi Alivyomfundisha Nyati Yoga

Zamani sana, wanangu, wakati wanyama walipokuwa bado na nyumba zao, majiko yao na majirani wa kugombana nao, palikuwa na bondia aliyeitwa Nyati. Ngumi yake msiniulize! Akikupiga "puu!" mara moja, uko chini, unahesabu nyota mchana. Hakuna aliyewahi kufika naye raundi ya tatu.

Jirani yake alikuwa Pimbi, aliyekaa juu ya jabali. Kadogo, kanene kidogo, hakana mkia. Kila asubuhi Pimbi alitandika mkeka juani, akajinyoosha, akajikunja, akafumba macho, akavuta pumzi "hhhhh" na kuishusha "fffff". Hiyo ndiyo yoga. Alifundishwa na Korongo mmoja mgeni, aliyeweza kusimama kwa mguu mmoja tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana.

Siku moja Nyati alikuwa akirudi na rafiki zake kutoka kukimbia. Alipomwona Pimbi kajilaza juani, akaita:

"Jamani, njooni muone! Panya asiye na mkia kaanikwa!"

"Kwa kwa kwa!" wakacheka wote.

Pimbi naye akacheka, mnakijua kile kicheko cha mdomoni tu. Lakini neno lile lilimwingia likakaa. Laiti angelimjibu Nyati palepale, hata kwa tusi dogo! Yangekwisha. Mimi hadithi hii huwa naianza kwa kucheka, lakini simalizi nikicheka.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba. Bwawa lilibaki moja, nalo halikuwatosha jamaa wa Nyati na jamaa wa Kifaru. Wakubwa wakakubaliana: Nyati na Kifaru wapande ulingoni, raundi tano. Mshindi, jamaa zake wabaki na bwawa. Aliyeshindwa, jamaa zake wahamie mto wa mbali, mwendo wa siku tatu.

Nyati hakuiogopa safari ile kwa ajili yake. Alimhofia mama yake. Mama Nyati alikuwa mzee, na magoti yalikuwa yamekwisha kabisa. Kutoka jikoni hadi uani alipumzika mara mbili.

"Mama, mtoni hufiki," Nyati akamwambia.

"Basi shinda, mwanangu," mama akajibu.

Pimbi alisikia. Akashuka jabalini, akabisha hodi.

"Bwana Nyati, Kifaru ana ngozi nene. Ngumi zako mbili za mwanzo atazila kama karanga. Pumzi yako ikikata, nani atakuokoa?"

Nyati akakuna shingo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. "Sasa nifanye nini?"

"Yoga! Itakulainisha shingo, itakupa pumzi ndefu. Ila usiwe na haraka. Mchoshe Kifaru mpaka raundi ya mwisho, ndipo umalize."

Maneno yale yote yalikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ujanja wake. Mwamuzi wa masumbwi alikuwa Twiga, na Twiga aligonga kengele mara moja kuanza kila raundi. Raundi ya mwisho tu ndiyo aliigongea mara tatu: "Ngee! Ngee! Ngee!" Waliozoea kutazama masumbwi walijua, lakini Nyati hakujua. Yeye hakuwahi kufika huko, na mapambano ya wengine aliona ni kupoteza muda.

Basi mazoezi yakaanza. "Inama! Nyoosha mgongo! Pumua!" Nyati akijikunja, mifupa inalia "kakaka!" Mwisho wa somo, Pimbi aligonga kikengele chake mara tatu.

"Ukisikia kengele tatu, popote ulipo, lala chali. Legeza mwili, fumba macho, usahau dunia. Usiinuke mpaka nikuguse."

Siku ya kwanza Nyati alifumbua jicho moja. Siku ya sita mwili ulilala wenyewe. Siku moja alikuwa amebeba ndoo ya maji, Pimbi akagonga: "Ngee! Ngee! Ngee!" Puu! Bondia chini, ndoo kule, maji yanatiririka hadi jikoni. Mama Nyati akacheka mpaka akashika ukuta.

Naye Mama Nyati siku ya pili alikuwa amekuja na mkeka wake.

"Shikamoo, mama," Pimbi akasema.

"Marahaba, mwalimu. Nami nataka."

"Mama, wewe pia?"

"Kwani magoti ni ya mabondia peke yao?"

Akawa anakuja kila asubuhi. Siku ya nane alivuka ua bila kupumzika, akamletea Pimbi uji wa moto kwa mikono yake mwenyewe. "Kunywa, mwalimu. Leo magoti yameniomba radhi."

Pimbi akaupokea uji ule kwa mikono miwili. Kabla ya mama huyu, hakuna aliyewahi kumwita mwalimu. Akajiambia, kesho nitamweleza Nyati ukweli. Kesho ikafika, akasema kesho. Siku ya kumi na mbili akashuka amekata shauri kabisa, lakini alipofika uani akawakuta wale rafiki za Nyati wamejaa pale. Akaona haya mbele yao. Akageuka, akapanda jabali lake.

Haya, siku ya pambano ikafika. Kifaru akaingia, ardhi ikatikisika "tii! tii!" Kengele ikalia mara moja. Kifaru akarusha ngumi, "vuuu!" Nyati akainama kama bua la mtama, ngumi ikapita hewani.

"Alaa!" watu wakashangaa. "Shingo ya Nyati imekuwa laini lini?"

Raundi ya pili, ya tatu, ya nne. Kifaru akahema "hee! hee! hee!" ulimi nje. Nyati alikaa kwenye kona yake akipumua taratibu, hata jasho halikumtoka sana. Kila aliyekuwa pale aliona yoga imemfaa bondia. Zilibaki ngumi mbili tu, Kifaru aanguke.

"Ngee! Ngee! Ngee!"

"Usilale!" Pimbi akapiga kelele kutoka nyuma ya umati. "Nyati, usilale!"

Nani angesikia sauti ile ndogo? Nyati alifika katikati ya ulingo, akalala chali, akafumba macho, uso umetulia kabisa.

"Moja!" Twiga akahesabu. "Mbili! Tatu!"

Pimbi akakimbia. Akapenya kati ya miguu ya tembo, akakanyagwa, akainuka, akapenya tena. "Saba! Nane!" Akaparamia ulingo. "Tisa! Kumi!"

Ndipo mkono wake ukamgusa Nyati begani. Nyati akafumbua macho, akatabasamu.

"Mwalimu," akasema, "nimeshinda?"

Kesho yake jamaa wa Nyati walifungasha vyombo wakaondoka. Mama Nyati alitangulia mbele, akipumua kama alivyofundishwa.

Mvua iliporudi, nao wakarudi. Pimbi akasimama njiani, akawatazama wakipita mmoja mmoja mpaka akaja Nyati, wa mwisho.

"Mama yuko wapi?"

"Alitembea siku mbili," Nyati akasema. "Siku mbili nzima, mwalimu, kwa magoti yale! Ya tatu hakuamka. Aliniagiza nikushukuru. Alisema bila wewe asingeweza hata nusu siku."

Pimbi akaangua kilio. Akasema yote: kicheko cha siku ile, kengele tatu, zile kesho zake zote. Kisha akainamisha kichwa akingoja ngumi. Aliitaka ngumi ile, wanangu. Aliona ingempunguzia.

Nyati hakukunja hata kidole.

"Ulijua mama hawezi safari ile?"

"Nilijua."

"Nami nilikuita panya," Nyati akasema polepole. "Si ungenitukana tu, Pimbi?"

Akapita. Akaenda kufungua nyumba yake na kufagia chumba cha mama yake. Hakumwita mwalimu tena maisha yake yote.

Hadithi yangu imeishia hapo, na funzo lake ni hili: mkitaniwa mkaumia, semeni siku ileile.