Majivu ya Mama Riziki

Sogeeni, wanangu. Mwenye usingizi akalale, anayebaki aniitikie.

Hapo kale zimwi lilimnyakua Riziki, mtoto wa Mwatumu, likamfungia pangoni ukingoni mwa msitu. Juu ya mlango wa pango ulitambaa upupu wa mwitu, wenye vishada vya maua ya zambarau. Mnaujua upupu! Vinyweleo vyake vikikugusa, utajikuna mpaka ulie. Dawa yake ni kujisugua majivu, ndiyo maana Mwatumu alikuja na kifuko cha majivu kutoka jikoni kwake.

Alilikuta zimwi limelala mlangoni. Akauimbia upupu:

"Upupu wee, mwanangu yumo ndani!"

Alipoimba mara ya kwanza, maua yalichanua. Mara ya pili, yakageuka maganda. Mara ya tatu, maganda yakapasuka, vinyweleo vikalimwagikia zimwi mwili mzima.

Lo! Zimwi lilijikuna, likabingirika, likajitosa mtoni. Muwasho ukazidi.

"Mama wee, nakufa! Dawa yake nini?"

"Majivu. Kachote jikoni kwako."

Zimwi likaangua kilio. Tangu lizaliwe lilikula vibichi, jiko halikuwa nalo.

"Basi nipe mwanangu," akasema Mwatumu, "nikupe majivu."

Riziki akatolewa mzima. Naye Mwatumu akatimiza ahadi, hata mgongo akalisugua, pale ambapo mikono ya zimwi haikufika.

Kesho yake wanakijiji waliona moshi ukingoni mwa msitu. Wakanyemelea, wakachungulia bila kuugusa upupu.

Zimwi lilikuwa limechuchumaa mbele ya mafiga matatu, linapuliza moto, linachemsha mihogo.