Chungwa na Chumvi

Aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa atanielewa upesi. Ngozi hulowekwa mpaka ilainike, kisha hutandazwa juu ya mzinga, na wawambaji huikamata pembeni, kila mmoja upande wake. Hapo hakuna anayevuta kumpelekea mwenzake. Ndiyo maana wahenga wakasema kuwa kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Maana yake ni kwamba binadamu, hata awe mwema vipi, katika jambo la shirika hutazama kwanza fungu lake. Mwanamkasi wa Kigombe aliijua methali hiyo tangu anafundishwa kufunga kanga. Aliijua, na haikumfaa kitu.

Mwanamkasi alikuwa dijei. Msichana wa Kigombe, binti wa Bi Hafsa muuza vitumbua, kasimama nyuma ya mashine na vipokea sauti masikioni! Kijiji kilisema weee, mpaka kikachoka. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Castory, kijana wa Muheza, mtoto wa familia ya Kilutheri iliyoshuka kutoka milimani kulima michungwa. Walikutana katika harusi moja pale Kigombe. Castory alikuja na mashine na spika, hana habari, kumbe ameitwa kupiga muziki katika sherehe ya kumpamba biharusi. Mle ndani mwanamume haingii, asilani.

Basi akawekwa nyuma ya pazia la kanga pamoja na waya zake. Yeye hawaoni wachezaji, na wachezaji hawamwoni. Mabibi wamesimama na tuzo zao mkononi wakingoja taarabu, yeye akaachia singeli. Zikapigwa kelele za kumzomea zilizosikika mpaka msikitini. Mwanamkasi, ambaye siku hiyo alikuwa miongoni mwa wapambaji, alimhurumia. Alipata mshipi wa kuvulia, akapenyeza mkono chini ya pazia na kumfunga Castory kifundo cha mkono.

"Sikiliza, kaka," alimnong'oneza. "Nikivuta mara moja, badilisha. Nikivuta mara mbili, acha hapo hapo, usiguse kitu. Macho yangu, mikono yako."

Loo! Sherehe iligeuka ikawa sherehe. Mwanamkasi aliwasoma wale wanawake nyusoni, akajua nani anataka kulia na nani anataka kukata kiuno, akavuta mshipi. Castory naye alikuwa fundi asiye na mpaka. Alichukua taarabu akaiunga na matarumbeta, matarumbeta akayaingiza katika ngoma ya mdumange, mdumange ukatokea katika wimbo wa Kihindi, na mtu asijue kiungo kiko wapi. Wakaanza kuitwa huku na huku. Kwa kuwa mmoja alitoka kwenye machungwa na mwingine kwenye maji ya bahari, wakajiita Chungwa na Chumvi, na kila mtu wa pwani anajua vitu hivyo viwili vinavyopendana mdomoni.

Miaka ikapita. Walitoka kwenye maharusi wakaingia katika kumbi za Tanga mjini. Pazia halikuwapo tena, lakini kazi ilikuwa ileile: Mwanamkasi akitazama watu na kumgusa mwenzake bega, Castory akiinamia mashine. Baina ya nyimbo walitupia maneno kwa zamu, sauti ya kike na sauti ya kiume, "Chungwa!" "Na Chumvi!" Ukumbi mzima ukiitikia.

Sasa sifa zina tabia yake. Zikija kwa wawili, kila mmoja huzihesabu kuwa zake. Siku moja waliitwa redioni, na mtangazaji akamuuliza Castory maswali yote. Mwishoni akamgeukia Mwanamkasi akasema, "Na huyu msaidizi wako, anaitwa nani?" Castory alicheka. Hakusema, "Si msaidizi." Alicheka tu. Mwanamkasi alirudi nyumbani na kile kicheko kimemkaa kooni. Kumbe na Castory alikuwa na lake. Watu walikuwa wakimwambia kwamba anafanya kazi ya punda, na mwenzake kazi yake ni kupendeza mbele za watu. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Wakaendelea kucheka na kula sahani moja.

Bi Hafsa naye alikuwa amefika ukingoni. "Mwanangu, nimekuvumilia," alimwambia binti yake. "Mambo haya ya leo huku kesho kule mimi siyataki tena. Ukipata pa kukaa, kazi yenye mlango na anwani, nitakuombea dua. Usipopata, Idi hii ikipita unaiacha, unakuja kukaa nami jikoni."

Mwanamkasi alijua mama yake hatanii. Kwa hiyo siku aliyopigiwa simu na Mzee Idarusi, mwenye hoteli mpya ya ufukweni kule Ushongo, moyo ulimruka. Mzee alikuwa anatafuta wa kupiga muziki hotelini kwake msimu mzima. "Niletee kazi yako niisikie," alisema. "Njoo Alhamisi, baada ya alasiri."

Hebu fikiri. Angeweza kusema, "Tutakuja." Neno jepesi kabisa. Lakini kicheko cha redioni kilimjia, na uso wa mama yake ukamjia. Akajibu, "Nitakuja."

Kazi yao bora ilikuwa ile waliyoirekodi ukumbini Tanga, siku watu walipokataa kutoka. Kila mmoja alikuwa na nakala. Mwanamkasi alijifungia chumbani na kompyuta akaanza kuikata. Kila penye sauti ya Castory aliifuta. Kila palipotajwa Chungwa na Chumvi alipafuta pia, akarekodi upya kwa sauti yake: "Hii ni kazi ya Chumvi, Chumvi peke yake!" Akajiambia kuwa macho yale yaliyowasoma watu yalikuwa yake, basi kazi ni yake. Akaendelea kufuta.

Alhamisi alivuka pantoni ya Pangani, akapanda bodaboda hadi Ushongo. Aliingia ofisini kwa Mzee Idarusi na shikamoo yake mdomoni, na hapo hapo ikamkwama.

Castory alikuwa amekaa kitini, na shati jipya.

Walitazamana.

"Wewe unafanya nini huku?" Mwanamkasi aliuliza.

"Nimekuja... kumsalimia mzee. Na wewe?"

"Na mimi vilevile."

Uongo wenye haya kama huo sijapata kuusikia. Mzee Idarusi, mtu wa makamo mwenye kanzu nyeupe na sauti ya upole, alitabasamu. Alimwita karani wake, msichana aitwaye Brightness, aje aketi asikilize. Akapokea flashi kutoka kwa kila mmoja, akachomeka ya kwanza. Matarumbeta yakalia, yakaingia katika mdumange, na sauti ya Mwanamkasi ikapaa: "Chumvi peke yake!" Castory aliruka kitini kama aliyekanyaga kaa la moto. Kabla hajapata la kusema, mzee akachomeka ya pili. Matarumbeta yaleyale, mdumange uleule, hata shangwe za watu zilikuwa zilezile. Na juu yake sauti ya Castory: "Chungwa! Chungwa mwenyewe, hana mwingine!"

Yarabi! Mwanamkasi alipigwa na butwaa. Alimtazama mtu aliyekula naye, aliyelia naye msibani kwa baba yake, na hakumtambua. Kwamba yeye mwenyewe katenda jambo lilelile halikumpitikia hata kidogo. Mwizi aliyeibiwa ndiye hupiga kelele kuliko wote.

"Umenifuta!" alipiga ukemi. "Castory, umenifuta mimi?"

"Wewe je? Mimi niko wapi humo? Mikono ya nani hiyo inayopiga?"

"Bila macho yangu mikono yako ingepiga nini? Ungezomewa mpaka leo!"

"Tulieni, wanangu," alisema Mzee Idarusi. "Mimi sikuwaita niamue ugomvi. Nauliza tu. Binti, kazi hii ni ya nani?"

"Yangu. Yangu peke yangu, mzee."

"Kijana?"

"Yangu, mzee. Yeye hana chake humo."

"Nikitaka kuipiga hapa, wageni waisikie?"

"Yangu ipige utakavyo!" Mwanamkasi aliwahi.

"Yangu ipige hata kila siku," Castory akampiku, "na sikudai chochote!"

"Wala mimi sikudai!"

Mzee alimgeukia karani wake. "Brightness, umesikia?"

"Nimesikia, mzee," alijibu Brightness, macho chini.

"Basi nendeni. Nitawajulisha."

Walitoka kwa milango tofauti. Tangu hapo Chungwa hakumpigia simu Chumvi, wala Chumvi hakumtafuta Chungwa. Mwanamkasi alipiga muziki peke yake katika harusi moja ya Muheza, vidole vikamsaliti, nyimbo zikagongana, mabibi wakaomba wawashiwe redio. Alisikia kuwa Castory naye alipiga mahali akiwa ameinama, akiunga nyimbo kwa ustadi mkubwa, na alipoinua kichwa viti vilikuwa vitupu. Habari hiyo ingempa raha. Haikumpa. Hata hivyo alimwambia mama yake kwamba kazi ya Ushongo ni yake, na kwamba bado jibu tu. Bi Hafsa akaanza kumwombea dua.

Idi ikafika na jibu halijaja. Siku ya pili ya sikukuu Mwanamkasi alishindwa kuvumilia, akaenda mwenyewe. Kabla bodaboda haijasimama alisikia matarumbeta. Yalilia, yakaingia katika mdumange. Alikwenda mbio kuelekea ufukweni, na alichokiona kilimfanya ashike kifua.

Umati ulikuwa unacheza. Wazee kwa watoto, wageni kwa wenyeji, mchanga unaruka. Mbele yao palikuwa na spika kubwa na meza, na juu ya meza kompyuta imewashwa. Nyuma ya meza hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtu hata mmoja! Muziki ulikuwa wao, kila kiungo, kila pumzi. Pale alipotia sauti yake, imekatwa. Pale Castory alipotia yake, imekatwa. Mahali pa majina yao palitoka sauti nene ya mwanamume asiyemjua: "Huu ndio muziki wa Idarusi! Ushongo kwa Idarusi!" Na umati ukaitikia, "Idarusi!"

Mwanamkasi aligeuka, akamwona Castory kasimama kando ya mnazi, mdomo wazi, machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Naye alikuja kutafuta jibu.

Waliingia ofisini pamoja, kwa mara ya kwanza pamoja. "Mzee, ile ni kazi yetu!" alisema Mwanamkasi.

"Yenu?" Mzee Idarusi alishangaa kwa upole uleule. "Yenu kina nani?"

"Chungwa na Chumvi!"

"Nimeisikiliza yote, ya kwako na ya kwake, mwanzo hadi mwisho. Hilo jina sikulisikia popote. Binti alisema ni yake peke yake. Kijana akasema mwenzake hana chake. Wote wawili mkaniambia nipige nitakavyo, wala hamdai. Au nasema uongo, Brightness?"

Brightness alitikisa kichwa polepole. Huruma ilikuwa machoni mwake, lakini alichosikia alikuwa amekisikia.

"Lakini ulituita mmoja mmoja," alisema Castory. "Ulijua kuwa tuko wawili."

"Nilijua," mzee akakiri, wala hakuona haya. "Nilimpigia huyu, sikusikia 'tutakuja.' Nikakupigia wewe, sikusikia 'tutakuja.' Mngesema, mngekuwa pale mezani sasa hivi. Mimi ni mfanyabiashara, wanangu. Nilipoona mnagawana, nami nikachukua fungu langu."

Mwanamkasi alitaka kujibu. Aseme ni yao? Basi Alhamisi ile alisema uongo mbele ya shahidi. Aseme ni yake? Castory yuko hapo ubavuni. Mahali jina lao lilipokuwa alipafuta kwa vidole vyake mwenyewe, na hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha. Akaketi sakafuni kama mtoto.

Castory alimwinua. Walitoka nje. Mama mmoja aliyekuwa akicheza, kajifunga kibwebwe, aliwaona wamesimama wamekauka, akawashika mikono akicheka. "Nyie vijana vipi? Muziki mtamu kama huu mmenuna? Hebu chezeni!"

"Muziki wa nani huu, mama?" Mwanamkasi alimuuliza, ingawa jibu alilijua.

"Wa Idarusi, mwanangu! Husikii?"

Alisikia. Castory alisikia. Mmoja alivuta kwake, mwingine akavuta kwake, na wa tatu aliyevuta kwa nguvu zaidi akaondoka na ngoma nzima. Bi Hafsa alikuwa Kigombe, kaandaa pilau ya kumpongeza binti yake, na hakuna aliyejua atakavyoambiwa. Waliokuwa wawili wakiwa mmoja walisimama juani wakisikiliza jasho lao likipewa jina la mtu mwingine, na wote wawili wakaungama kwamba wahenga hawakukosea hata chembe: kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.